Ed.D. au Ph.D.?
Dada, umeuliza usome shahada ipi ya uzamivu Marekani, Ed.D. (uzamivu wa taaluma ya elimu) au Ph.D. (uzamivu wa utafiti), nawe bado uko ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kwa hali yako ningechagua Ph.D. Maana Ed.D., ambayo Harvard iliianzisha mwaka 1920, huwalenga zaidi walio kazini: madarasa ya jioni au mtandaoni, tasnifu kuhusu tatizo la chuo chako, na mara nyingi ada ni juu yako. Tena viza ya mwanafunzi (F-1) haitolewi kwa masomo ya mtandaoni pekee. Ph.D. mara nyingi ni ya kutwa, ila ukipata nafasi ya usaidizi wa utafiti, ada hulipwa na posho unapata. Kwanza mwandikie profesa anayetafiti kinachokukosesha usingizi: mabweni, mikopo, afya ya akili. Na kazi usiache, omba ruhusa ya masomo mapema.