Maswali ya Wasomaji: Akiba Yangu Niiweke Wapi Nchi Ikiwa na Wasiwasi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, ninaishi Kiboriloni, Moshi. Katika kiinua mgongo changu nimebakiwa na shilingi milioni 28, zote zikiwa katika benki moja hapa mjini. Siku zile za uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa na mawakala wa fedha wa karibu nasi wakafunga, nilikuwa na shilingi 14,000 ndani ya nyumba na wajukuu watatu wa kulisha. Tangu hapo sina amani. Mwanangu aliyeko Arusha ananisihi nigeuze fedha zote ziwe dola. Kaka yangu wa Marangu anasema nitoe fedha hizo ninunue kipande cha kihamba (shamba la ukoo la Wachagga) cha jirani yake. Mwenzangu tuliyefundisha naye amekwisha kutoa zake zote na kuziweka anapojua mwenyewe. Nimfuate nani? (Mwalimu mstaafu, Kiboriloni)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Barua yako tumeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu hao wote watatu wanakutakia mema, na kila mmoja ameiona hatari iliyo ya kweli, ila hakuitazama hatari nyingine ambayo ushauri wake unaileta. Mwanao anaogopa shilingi kupoteza thamani. Mwenzako anaogopa kufika benki akakuta mlango umefungwa. Kaka yako anaogopa karatasi, anataka kitu kinachokanyagika. Kabla ya kumfuata yeyote kati yao, jiulize ni lipi hasa lililokupata wewe mwezi ule wa Oktoba. Fedha yako haikupotea wala haikushuka thamani. Ulishindwa kuifikia kwa siku chache. Dawa ya tatizo hilo ni ndogo kuliko unavyodhani, na haihitaji kugusa milioni zote 28: weka nyumbani matumizi ya wiki mbili au tatu, katika noti ndogo ambazo duka la mtaani linaweza kuzirudishia chenji. Kwa nyumba kama yako huenda laki tatu au nne zikatosha. Kiasi hicho kikipotea utaumia, lakini hakitakuangusha.

Sasa tuzungumze juu ya dola, maana hapo ndipo watu wengi wa Arusha na Moshi, waliozoea kuona watalii wakilipa kwa dola, hufanya haraka. Mwanao hakosei kuhusu historia. Wewe mwenyewe unaikumbuka miaka ya themanini, hazina ya fedha za kigeni ilipokauka baada ya vita vya Kagera, watu wakivuka Holili kutafuta sabuni na sukari upande wa Taveta, Kenya, na mwaka 1986 dola iliyokuwa ikihesabiwa takriban shilingi 17 ikapandishwa hadi 40 kwa mkupuo. Aliyekuwa na shilingi tupu wakati ule aliumia kweli. Hata hivyo dola nayo hushuka, na mwaka 2025 ilishuka mbele ya macho yetu: katikati ya mwaka ilikaribia shilingi 2,700, na kufikia Oktoba ilikuwa chini ya 2,500. Mtu aliyenunua dola 3,700 kwa bei ya 2,700 alitoa shilingi 9,990,000. Akiziuza kwa 2,450 anapata 9,065,000, na hapo hatujakata tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia katika duka la fedha za kigeni. Mstaafu anayenunua mchele, dawa na sare za shule kwa shilingi, katika mwaka ambao mfumuko wa bei nchini ulikuwa asilimia 3 na ushei, angepoteza karibu milioni moja kwa kukimbia hasara ambayo haikutokea.

Kuna jambo jingine kuhusu dola ambalo tungependa mwanao alisome. Dola iliyo mkononi na dola iliyoandikwa katika akaunti si kitu kimoja. Ile ya kwanza ni mali yako. Ile ya pili ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe, na nchi ikikosa fedha za kigeni deni hilo linaweza kulipwa kwa namna usiyoitarajia. Argentina, Desemba 2001, serikali iliwawekea wananchi ukomo wa kutoa peso 250 tu kwa wiki, na mwanzoni mwa 2002 amana za dola zikageuzwa kuwa peso kwa kiwango cha peso 1.40 kwa dola wakati peso yenyewe ikiporomoka sokoni. Lebanon, tangu Oktoba 2019, watu waliokuwa na maelfu ya dola benki walizuiwa kuzitoa. Wote hao walifuata ushauri uleule wa mwanao, tena walianza mapema. Hatusemi kwamba Tanzania inaelekea huko. Tunasema kwamba neno dola kwenye daftari la benki halikingi peke yake.

Je, basi, mwenzako aliyeficha noti ndiye mwenye busara? Hapana, na tunalisema hili kwa uzito kwa sababu tunawahofia wazee wanaoishi peke yao. Milioni 28 ni noti 2,800 za elfu kumi. Huwezi kutoka nazo benki bila kuonekana, na mchwa, moto na mjukuu mdadisi ni adui wasiosubiri mgogoro. Juu ya hayo, noti yenyewe ina umri. Benki Kuu iliwapa wananchi muda wa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kubadilisha noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, na kuna bibi na babu waliochimbua vibuyu vyao baada ya tarehe hiyo. Kenya ilitangaza Juni 2019 kwamba noti ya zamani ya 1,000 ingekoma mwisho wa Septemba mwaka huohuo, na wafanyabiashara wa Namanga na Holili wanajua pilikapilika zilizofuata. Burundi, Juni 2023, ilizikomesha noti zake kubwa ikawapa watu siku 10 tu. Anayeficha fedha chini ya kitanda anakuwa mtu wa mwisho kupata habari.

Kuhusu benki, liko jambo la kweli la kurekebisha: fedha zako zote ziko mahali pamoja. Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye amana hadi shilingi 7,500,000 benki yake ikifungwa, kiwango kilichopandishwa kutoka 1,500,000, na kiwango hicho ni cha mtu mmoja katika benki moja, hata awe na akaunti tatu humo. Kinachozidi hapo husubiri mali za benki ziuzwe, na kusubiri huko huwa kurefu. Hili si hadithi ya mbali: Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa mkupuo mmoja, mojawapo ikiwa Meru Community Bank ya hukuhuku Arusha, wakati ambapo ukomo ulikuwa bado milioni moja na nusu. Kwa hiyo ukiwa na milioni 28 katika benki moja, milioni 20 na nusu haziko chini ya bima. Zigawe.

Kihamba tutakigusa kwa ufupi. Ardhi ni akiba njema kwa anayeweza kungoja, lakini haigawanyiki unapohitaji laki mbili za hospitali, na wakati wa wasiwasi kila mtu anauza na hakuna anayenunua. Aidha, kihamba kina ndugu, na mnunuzi asiye wa ukoo huo anaweza kununua kesi pamoja na migomba. Mshukuru kaka yako, umwambie bado.

Tungekuwa sisi, kwa umri wako, tungefanya hivi. Milioni saba tungeziacha benki ulipo na milioni saba nyingine tungezipeleka benki ya pili, tukiacha nafasi kidogo ya riba chini ya ukomo wa bima, na ikiwezekana benki hizo mbili ziwe na matawi mjini Moshi ambayo unaweza kuyafikia kwa miguu siku ambayo hakuna daladala. Kama milioni kumi tungezielekeza kwenye hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ambazo huuzwa na Benki Kuu, zinaanzia shilingi milioni moja, na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Chagua ya miaka miwili au mitano, usiende kwenye ya 25. Jua kwamba hatifungani nayo si jiwe: Ghana, Desemba 2022, iliwataka wenye hatifungani za ndani wazibadilishe kwa nyingine zenye masharti duni, ndiyo maana hatukuambii uweke zote. Kama unaona hatifungani ni ngumu kuuza ukizihitaji ghafla, mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ni njia nyepesi zaidi, ingawa faida yake hupanda na kushuka.

Zinazobaki zina kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni akiba. Lipa ada ya wajukuu ya mwaka mzima ikiwa shule ni ya kuaminika na itakupa stakabadhi. Ezeka upya paa linalovuja, kwa kuwa bati lililokwisha kupigiliwa halishuki thamani kwa tangazo la mtu yeyote. Nunua mahindi wakati wa mavuno, uyaweke katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asiyamalize. Saruji usilimbikize, huganda. Na jambo la mwisho, ambalo wewe kama mjane huenda unalijua kwa uchungu: nenda tawini upate taarifa ya akaunti iliyopigwa muhuri, uandike namba za akaunti zote kwenye karatasi, umwambie mtu mmoja unayemwamini karatasi hiyo iko wapi. Simu ikizimika, karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako.

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii, Arusha. Bakshishi zangu nyingi ni dola taslimu, nazo nimeziweka tangu msimu wa Julai. Rafiki ananiambia sheria mpya imekataza kuwa nazo. Tena kuna kundi la simu linaloahidi kuzizalisha mara mbili kwa mwezi. (Mwongozaji, Sakina)

JIBU: Ndugu, kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi; kumiliki dola hazikukataza. Mwenye nyumba hapaswi kukudai kodi kwa dola, na wewe usimlipe hivyo. Kwa kuwa kipato chako kinakuja kwa dola na hukauka watalii wanapoahirisha safari, wewe, tofauti na Mwalimu wa Kiboriloni, una sababu ya kubaki na sehemu ya dola zako, hasa kwa miezi ya mvua za masika. Uziangalie tu: noti za zamani, zilizochanika au zilizoandikwa kalamu hukataliwa au hupunjwa bei. Uza katika duka lenye leseni na udai risiti, usikubali kubadilishana kichochoroni na mtu anayekuita jina. Kuhusu kundi hilo, tunakusihi ujitoe leo. DECI, mpango wa upatu uliosimamishwa mwaka 2009, ilitumia maneno matamu ya kupanda mbegu na kuvuna, na wakulima wengi hawakuvuna kitu. Wasiwasi wa nchi ndio msimu wa biashara za namna hiyo.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa VICOBA yetu (kikundi cha kuweka na kukopa), Usa River. Tuna milioni sita kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na wanachama wanataka tugawane zote mapema kwa hofu. (Mama mweka hazina)

JIBU: Mama, msigawane kwa hofu, kwa sababu mikopo iliyoko nje haitarudi haraka kama fedha za sandukuni zitakavyotoka, na waliokopa ndio watakaobaki na cha wenzao. Ila milioni sita sandukuni ni nyingi mno. Wekeni nyingi kati ya hizo benki kwa jina la kikundi, watia saini wawe watatu, na mbakize kiasi cha mikopo ya mkutano mmoja tu. Kumbukeni pia kwamba bima ya amana tuliyoieleza hapo juu haigusi sanduku wala SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Itisheni mkutano, someni daftari kwa sauti mbele ya wote, kila mwanachama asikie hisa zake na deni lake, kisha mpige kura wiki inayofuata.