Muulize Fundi: "Wenzangu wanasema programu yangu ya kuponya wahusika inadanganya"

SWALI: Kaka Fundi shikamoo. Niko Leicester kwa masomo, kila Ijumaa usiku tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa dadu ambao kila mtu anaigiza mhusika wake, na wenzangu sita, tunaongea kwa sauti mtandaoni kila mtu akiwa kwake. Sasa mimi nimeandika programu ndogo ya kuponya wahusika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, we unaandika jina na dawa aliyokunywa yenyewe inarusha dadu na kuongeza uhai. Nikaandika na maelezo ya matumizi, kurasa 11, kila kitufe nimekielezea, lakini hakuna anayesoma, bado wananiuliza mimi. Na wiki iliyopita mmoja kaniambia kabisa programu inadanganya, mhusika wake wa leveli 5 alilala usiku mzima akarudishiwa dadu za uhai (zile za kurusha ukipumzika ili ujiponye) 2 tu wakati kitabu chake kinasema zote. Nimekosea wapi? Na je niandike kwa Kiswahili au Kiingereza, maana wawili kati yetu hawajui Kiswahili?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, maana kumaliza programu watu wakaitumia kweli kila wiki si kazi ndogo.

Tuanze na huyo wa leveli 5 kwa sababu jibu lote limelala hapo. Programu yako haidanganyi na yeye hadanganyi, mnasoma vitabu viwili tofauti. Kwenye sheria za 2014 ukipumzika mapumziko marefu, yale ya masaa 8, unarudishiwa uhai wote lakini dadu za uhai unapata nusu tu ya zile za jumla, na nusu ya 5 inashushwa inakuwa 2. Kwenye sheria za 2024 unarudishiwa zote. Kwahiyo we umeandika kwa sheria za 2014, mwenzako kanunua kitabu kipya, na kwenye kurasa zako zote 11 nina hakika hakuna mahali umesema unafuata kitabu kipi. Hiyo ndo sentensi ya kwanza kabisa, iweke juu hata kabla ya namna ya kuinstoli. Na tofauti haiishii hapo, chukua uchawi wa kuponya, Cure Wounds ya 2014 ni dadu moja ya pande 8 na ya 2024 ni mbili, Healing Word nayo imetoka dadu moja ya pande 4 ikawa mbili, yaani mtu akiona namba ndogo kuliko aliyozoea na mwenzake yuko chini anakufa, lazima akasirike.

Sasa hizo kurasa za vitufe, futa nyingi. Kitufe kimeandikwa "Ponya", mtu anajua kinaponya. Asichokijua ni uamuzi ulioufanya we peke yako usiku wakati unaandika msimbo, na hapo ndo maswali yote yanatoka. Mfano mtu ana uhai 31 na kikomo chake ni 38, kanywa dawa ya kawaida, ile ya dadu 2 za pande 4 jumlisha 2, jumla ikaja 9, je anakuwa 40? Hapana anaishia 38 na hizo 2 zinapotea, basi andika hivyohivyo kwa namba, usiandike "uhai hauzidi kikomo" ukaishia hapo, manake mtu aliye katikati ya pambano hasomi kanuni, anatafuta hali inayofanana na yake.

Mfano mwingine ambao naomba usiuache ni wa mtu aliye sifuri. Waliocheza matoleo ya zamani wamezoea uhai kwenda hasi, wanadhani aliyepigwa sana inabidi aponywe sana ndo aamke, kumbe kwenye hizi sheria zote mbili uhai hauendi chini ya sifuri, hata pointi 1 inamuamsha, na zile alama za kufa alizokuwa anarushia dadu ya pande 20 zinafutwa zote, za kufaulu na za kufeli. Je programu yako inazifuta yenyewe au DM, yule anayeongoza mchezo, anafuta kwa mkono? Liandike. Alafu uhai wa muda, yaani pointi za ziada juu ya uhai wako, huo sio uponyaji, haujumlishwi na mwingine wa muda uliokuwepo, mtu anachagua mmoja, na haumuamshi aliyezimia. Nimeona meza imegombana nusu saa kwa hiki kitu, yaani inauma, usiku wa kucheza unaisha hivyohivyo.

Andika pia namna ya kurudisha nyuma mtu akikosea jina akamponya adui, na kama hakuna namna sema hakuna, watajua wawe makini.

Lugha: andika Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa mmoja, kwa kuwa sasa zitakuwa chache inawezekana. Ila majina ya uchawi na dawa yaache kama yalivyo kwenye kitabu, ukitafsiri Healing Word mchezaji ataitafuta kwenye karatasi yake haioni.

Na kama unataka kuiweka wazi wengine waichukue, usinakili maelezo ya kitabu. Wenye mchezo walitoa sheria za msingi, SRD 5.1, kwa leseni ya Creative Commons, ya kuruhusu watu watumie kazi yako, mwezi Januari 2023, na ile ya sheria mpya, 5.2, ikafuata 2025, hizo unaruhusiwa kutumia hata kwa biashara ilimradi utaje zilikotoka, na tamko la kutaja wamekuandikia tayari ndani yake, we unalibandika chini ya maelezo yako lilivyo.

Ijumaa ijayo mpe huyohuyo wa leveli 5 ukurasa mpya aponye mtu mmoja huku we umenyamaza kabisa, pale atakaposimama kukuuliza ndo pa kuandika upya.