Makro ya kusukuma agumenti: iache ihesabu yenyewe

Vijana ninaowafundisha asembli, lugha iliyo karibu kabisa na maagizo ya prosesa, hapa Chake Chake huniuliza mapema sana: "Mwalimu, hizi push zote hazina njia ya mkato?" Push ni agizo la kuweka agumenti, yaani thamani unayoipa funksheni, juu ya staki, rundo la thamani kwenye kumbukumbu. Njia ya mkato ipo, ni makro, jina moja linalofunguka kuwa mistari mingi, na napenda waitumie. Ila kwanza waandike kwa mkono mpaka wajue wanafupisha kitu gani.

Chukua programu ndogo inayochapisha pishi za karafuu na bei yake. Kwenye x86 ya biti 32, kwa utaratibu wa kuita funksheni uitwao cdecl, agumenti ya mwisho ndiyo inayotangulia kusukumwa: bei, kisha pishi, kisha anwani ya fomati, ndipo unaita printf. Ikirudi, aliyeita ndiye anayesafisha staki. Agumenti tatu, baiti nne kila moja, kwa hiyo unaongeza 12 kwenye esp, rejista (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa) inayoonyesha kilele cha staki.

Hiyo 12 ndiyo inayowatesa watu. Unaongeza agumenti ya nne, 12 inabaki pale pale. Printf inachapisha sawasawa, unafurahi, halafu ret, agizo la kurudi kwa aliyeita, inachukua thamani isiyokuwa anwani ya kurudi na programu inaanguka mbali kabisa na penye kosa. Na kama funksheni yako inamalizia kwa leave, agizo linaloirudisha esp kwa kutumia rejista ebp, esp hurekebishwa hapo na kosa linajificha, hata usilishuku.

Kwa hiyo usiandike makro ya kusukuma peke yake. Iwe inasukuma, inaita na inasafisha. NASM, programu inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine, hukupa %0, idadi ya vitu ulivyoipa makro:

%macro ita 1-*
  %rep %0 - 1
    %rotate -1
    push dword %1
  %endrep
  %rotate -1
  call %1
  add esp, (%0 - 1) * 4
%endmacro

Sasa unaandika: ita printf, fomati, [pishi], [bei]. Kila %rotate -1 inaleta mbele kilichokuwa mwisho, basi wewe unaandika kwa mpangilio wa kusomeka na staki inapokea kinyume chake. Mzunguko wa mwisho unalirudisha jina la funksheni.

Tahadhari na [esp+8] ndani ya makro hii. Kila push inaishusha esp kwa baiti 4, kwa hiyo anwani uliyoikusudia si hiyo tena, tumia ebp, ambayo push haiibadilishi. Pia rejista eax, ecx na edx usizitegemee baada ya call, funksheni ina ruhusa ya kuzichafua. Ukitilia shaka chochote, endesha nasm -E uone makro imefunguka vipi, mstari kwa mstari. Mimi humtaka kila mwanafunzi afanye hivyo kabla hajaniita.

Kwenye Linux ya biti 64 makro hii haifai. Agumenti sita za mwanzo, zikiwa namba kamili au anwani, hupita kwenye rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9, na rsp (esp ya biti 64) lazima igawike kwa 16 kabla ya call. Huko makro yako ijaze rejista, na isukume kuanzia agumenti ya saba tu.