Mumewe Asirudi Mara ya Pili

Wadogo zetu wa Kisumu na Nakuru mnaoandika mapenzi ya kubuni, mashairi na hadithi za maajabu na mashine, miswada yenu tunaisoma, tena kwa hamu. Ila makosa ni yaleyale tuliyoyafanya sisi, mpaka mtu anajiuliza kama huwa mnayarithi.

1. Ziwa si bahari. Shairi limeandikwa Kondele, hapo Kisumu, lakini mpenzi ananukia asumini, maji yanakupwa na kujaa, machozi yanachanganyika na chumvi ya mawimbi. Chumvi gani? Ziwa Victoria ni maji baridi, na kupwa kwake hakuonekani kwa macho. Anayetaka chumvi apande matatu hadi Nakuru, akakute magadi na flamingo. Na gugumaji mmelisahau! Upepo ukigeuka linaziba ufuo usiku mmoja. Ukigeuka tena, linajiendea zake. Kisa kizima cha wapendanao kimelala hapo, nanyi mnakipita mkienda kununua omena.

2. Mashine ielezwe kwa sentensi mbili. Ya tatu ifute.

3. Sharti la ajabu lisivunjwe. Hapa tukae, maana ndipo tulipoumia sote.

Tuseme mvuvi wa Dunga, ufuo wa Kisumu, ana wavu unaonasa sauti za waliozama. Sharti: kila sauti husikika mara moja tu, kisha inapotea. Mjane anakuja, anatega sikio. Sauti ya mumewe inauliza kama mbuzi amefungwa. Basi, imekwisha. Hadithi imefika hapo, kalamu iwekwe chini.

Haiwekwi. Mwandishi anamtazama yule mama anavyokunja leso, moyo unamlainika, na ukurasa wa mwisho wavu unapata hitilafu: sauti inarudi, safari hii inatamka "nilikupenda siku zote". Tukiri tu, hakuna kati yetu ambaye hajawahi kumrudisha mume huyo. Tuliita huruma. Ilikuwa woga wa kumwacha mtu na swali la mbuzi mkononi. Na madhara yake ni haya: uzito wa lile swali ulitoka kwenye ile mara moja. Ikiwezekana mara ya pili, msomaji atauliza mbona isiwe ya tatu, mbona wajane wengine wasipange foleni. Mbuzi naye, aliyekuwa ndoa nzima ya watu wawili, anabaki mbuzi.

Tiba haiko ukurasa wa mwisho. Rudi wa pili. Sharti litamkwe mapema, na mtu asiyejali, labda mvuvi mwenyewe akihesabu chenji. Kisha mpe mama nafasi ya kuchagua: asikilize leo, au aondoke akijua sauti bado ipo. Huruma yako, kama inakuwasha, ipeleke kwa mvuvi, akatae pesa. Kuna mwandishi atakayesema hilo ni dogo mno. Huyo ndiye anayemrudisha mume.

4. Mizani, yaani silabi za mshororo, mnahesabu kwa jicho. "Mpenzi" ni tatu, si mbili. Ile M inasimama peke yake. Tazama mshororo huu wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti:

Gugu limefunga ziwa, mashua haipiti

Ukwapi, kipande cha kwanza, una 8; utao, kipande cha pili, una 7. Wengi wenu mnabandika kiraka, "na mashua haipiti", hesabu inatimia 16 na shairi linabaki baridi. Badilisha nomino:

Gugu limefunga ziwa, chombo chako hakipiti

"Mashua haipiti" ilikuwa habari ya uchukuzi. "Chako" imeleta mtu anayengojewa, na anayengoja, bila neno "mpenzi" kutajwa. Vina havikuguswa: wa katikati, ti mwishoni. Kiraka kingewanyima haya yote.

5. Kibwagizo, mshororo unaorudiwa mwisho wa kila ubeti, kiandikwe kwanza, beti zikifuate.

6. Soma kwa sauti, hata kama wa nyumbani watacheka.

7. Roboti asiitwe Adamu. Wala Hawa. Jamani, hata Otieno anafaa.