Namba kwenye chupa sio dozi yako

Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza kama kupunguza nguvu ya nikotini kwenye vepu (sigara ya kielektroniki) kidogo kidogo kunamsaidia mtu kuacha au anajizungusha tu. Mi najibu kunasaidia, nilitoka kwenye sigara nikaingia vepu na huko nikashuka taratibu mpaka sifuri, ila kuna jambo watu hawaambiwi wakati wananunua chupa ya namba ndogo, kwamba ile namba sio dozi inayoingia mwilini.

Namba inakwambia tu kila mililita ya likwidi, yale maji ya kujaza kwenye vepu, ina miligramu ngapi za nikotini. 20 ndo hiyo hiyo wengine wanaandika asilimia 2 (na ndo kikomo cha kisheria kwenye nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza), 50 ni asilimia 5. Sasa chukua mtu anayemaliza mililita 2 za namba 20 kwa siku, hapo zimepita miligramu 40 kwenye kifaa chake. Akashuka 10, anafurahi amekata nusu, lakini unakuta kifaa hakitoki mkononi, anavuta pumzi ndefu, tanki linakauka mapema na kwa siku anamaliza mililita 4. Piga hesabu, ni 40 zile zile, tena mvuke umeingia kifuani mara mbili na hela ya likwidi imetoka mara mbili! Na huyo mtu sio dhaifu jamani, mwili umezoea kiwango fulani na utakitafuta, hata wavutaji waliohamia sigara zilizotangazwa kuwa nyepesi walikuwa wanavuta kwa nguvu zaidi na kuziba vitundu vya kichungi kwa vidole au midomo bila kujijua.

Kwa hiyo kabla hujagusa namba, jua kwanza unamaliza mililita ngapi kwa siku. Ndo ushuke, halafu uziangalie hizo mililita. Zikipanda kidogo siku za mwanzo usiogope, ila zikikaa juu wiki nzima na kuendelea ujue umebadilisha chupa tu.

Kingine, usibadilishe kifaa na namba kwa mpigo. Koili (ule waya unaochemsha likwidi) ya omu ndogo, yaani yenye ukinzani mdogo wa umeme, ikipewa wati nyingi inatoa wingu kubwa, kwa hiyo likwidi ya 3 kwenye mashine ya namna hiyo inaweza kukupa nikotini nyingi kuliko ya 12 kwenye podi, zile vepu ndogo za nguvu kidogo, na wewe ukadhani umeshuka. Aina ya nikotini nayo inachanganya, ile ya chumvi imewekwa asidi ili isikwaruze koo ndo maana mtu anavuta 20 bila kukohoa, wakati ile ya kawaida hata 12 tu inakaba. Koo sio kipimo.

Hatua ziwe fupi. Kutoka 20 kwenda 10 ni nusu nzima imeondoka, wengi wanaangukia hapo, na sababu kubwa ni kwamba madukani mara nyingi hamna namba ya katikati. Chukua likwidi mbili za aina moja na ladha moja, 20 na 10, changanya nusu kwa nusu unapata 15, na mbele ya safari 3 na 0 zinakupa 1.5. Ila usinunue nikotini ghafi yenye nguvu kubwa ukachanganye nyumbani, inapenya kwenye ngozi, na likwidi yoyote mtoto akiinywa ni sumu, kwa hiyo chupa zikae juu na zimefungwa. Wanaotumia vepu za kutupa hawawezi kufanya haya, inabidi wahamie kifaa cha kujaza.

Arosto itakuja kila ukishuka, hasira za bila sababu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa. Inakuwa kali siku chache za kwanza halafu kwa wengi inalegea ndani ya wiki mbili hadi nne, ndo maana mi nasema kaa kwenye namba moja mpaka uisahau, usifuate kalenda ya mtu mwingine. Na kama arosto inakusukuma uombe sigara, panda ngazi moja juu bila aibu yoyote, kurudi 10 ni bora mara mia kuliko kurudi kwenye moshi wenye lami na kaboni monoksidi.

Kwa yule ambaye kila akishuka mililita zinapanda tu, aongee na mfamasia kuhusu plasta za nikotini zinazobandikwa kwenye ngozi. Zile nazo zinashuka kwa ngazi, za saa 24 ni miligramu 21 halafu 14 halafu 7, lakini uzuri wake plasta huwezi kuivuta kwa nguvu ikakupa zaidi.

Ukifika 0 mkono bado utatafuta kifaa, asubuhi ukiamka, ukimaliza kula, ukiwa na simu. Hapo nikotini haihusiki tena, ni mazoea, na yanapungua ukianza kukiacha kifaa chumba kingine, kwanza saa moja, halafu asubuhi nzima, halafu unatoka nyumbani hakipo mfukoni na hurudi kukichukua.