Datsun 240Z: tafuta kutu kwanza, rangi baadaye

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupiga rangi mpya juu ya ile ya zamani kwenye Datsun 240Z yako, hapo hapo nyumbani. Nakusihi usinunue rangi kabla hujaitafuta kutu. Gari hizi huoza kwa siri. Toa betri uangalie bati lililo chini yake, inua kapeti uone sakafu, kisha gonga madigadi ya nyuma na ukingo wa chini wa mlango wa buti. Pakitoa sauti nzito, iliyofifia, huenda puti nene ya kuzibia bati imeficha shimo. Kata bati bovu, chomelea jipya. Puti juu ya kutu itavuta unyevu na kuvimba.

Bati likishakuwa tupu na safi, lisilale bila praima, yaani rangi ya msingi. Piga praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Kisha msasa, na hapo usiwe na haraka: funga msasa kwenye kibao, maana vidole huacha mawimbi yatakayoonekana yote rangi iking'aa.

Ninalokuomba ulichukulie kwa uzito ni hili: klia (rangi angavu ya mwisho, ya kung'arisha) ya kuchanganywa na hadena (dawa ya kuigandisha) huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, na inaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haikingi kitu. Kama huna barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, fanya maandalizi yote wewe, kupuliza mwachie fundi mwenye chumba cha rangi. Gari lililoshinda Safari Rally 1971 na 1973 linastahili kazi ya namna hiyo.