Re: Bendi imevunjika, narekodi peke yangu, sauti nyembamba

Mkuu, habari. Kwa hiyo bendi imekufa, una maiki moja, na ukiimba peke yako sauti inatoka nyembamba. Kabla ya kugusa sauti, kagua gitaa: maiki ikitazama tundu, besi inavuma na kumeza kila kitu. Ielekeze freti ya 12 (kile chuma cha 12 kwenye shingo ya gitaa), umbali wa sentimita 20 hivi.

Halafu imba mstari uleule upya mara nne, kisha weka mbili spika ya kushoto, mbili ya kulia. Usikopi na kubandika; nakala inapandisha sauti tu, haijazi. Justin Vernon, mwanamuziki wa Marekani, baada ya bendi yake DeYarmond Edison kuvunjika 2006, alijifungia nyumba ya mbao ya baba yake huko Wisconsin, akarundika sauti yake hivyohivyo kwa maiki ya Shure SM57. Ndiyo Bon Iver hiyo, jina alilotolea muziki huo.